Kishawishi Kinapokuja na Gunia la Mchele



Wapendwa vijana wenzangu, leo tujifunze kuhusu kishawishi. Najua mada hii mmeisikia sana, kwenye semina, kwenye mafungo, kwenye mahubiri ya Kwaresima. Na kusema ukweli, tukisikia tu "vishawishi vya ujana" akili zetu zinakimbilia sehemu moja: mambo ya mwili. Halafu labda pombe, labda kubeti kwenye simu. Sawa, hayo yapo, yanaumiza, na siyapuuzi hata kidogo. Lakini mimi naandika kutoka Mkula, na huku wakati wa mavuno kishawishi kinanukia mpunga.

Kwa wasiopajua, Mkula ipo chini ya milima ya Udzungwa, bonde la Kilombero, kwenye njia ya kwenda Ifakara. Maji yanashuka kutoka mlimani, yanaingia kwenye mifereji ya skimu, kisha yanagawanywa kwa zamu kwenye majaruba. Kijana wa huku anaishi kwa mpunga hata kama hana shamba. Atapandikiza kwa wenye mashamba, atavuna, atabeba magunia, atapeleka mzigo mashineni kwa bodaboda, atashika mizani, atakuwa dalali. Hata ada ya mdogo wake wa sekondari inatoka humo humo.

Sasa angalia vishawishi vilivyojificha humo. Ni usiku, zamu ya maji ni ya jirani, jirani amelala, na jaruba lako limeanza kupasuka kwa ukavu. Kusogeza tope kidogo pale mferejini ni kazi ya dakika mbili. Au unampimia mzee mpunga wake kwa debe ambalo chini limegongwa nyundo mpaka limetanuka, na wewe unajua, yeye hajui. Au lile la lumbesa, gunia linaloshonewa kichwa juu ya kichwa halafu linalipwa bei ya gunia moja. Wakala wa Vipimo wanalipiga marufuku na bado lipo. Au mchele uliolowa stoo ukaanza kuvunda, na bosi anakwambia, "Anika, ukikauka changanya na ule mpya. Nani atajua?"

Nani atajua? Hilo swali ndilo nataka tukae nalo leo. Maana mlaji wa ule mchele hayupo pale. Yuko Morogoro, yuko Dar es Salaam, ni mama wa watoto watatu ananunua kilo moja dukani jioni. Hutamwona kamwe. Kishawishi cha namna hii kina nguvu kwa sababu anayeumia hana sura.

Nabii Amosi aliyajua haya kabla ya sisi kuzaliwa, kabla hata ya Kristo kuzaliwa, miaka kama 750 hivi. Chukua Biblia yako usome Amosi 8:4-6. Utakuta wafanyabiashara wanaosubiri kwa hamu sikukuu iishe wakauze nafaka, wanapunguza kipimo, wanaongeza bei, wanachezea mizani, na mwisho kabisa wanauza hata makapi ya ngano. Ukibadilisha ngano ukaweka mpunga, unaweza kudhani nabii alipita mashineni kwetu. Na angalia Mungu anavyochukulia. Haiiti ujanja wa biashara. Katika aya inayofuata anaapa kwamba hatayasahau matendo yao hata moja.

Tuje kwenye neno lenyewe. Katika sala ya Baba Yetu sisi Wakatoliki tunasema kishawishi, wakati ndugu zetu wa madhehebu mengine wanasema majaribu. Yote ni sawa, ila mimi nalipenda neno letu. Kishawishi kinatoka kwenye kushawishi. Maana yake kuna anayeongea. Anabembeleza, anatoa hoja, anapiga hesabu pamoja nawe, na mara nyingi hoja zake si za kijinga. Ndiyo maana Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2847, inatufundisha kutofautisha mambo mawili: kujaribiwa na kukubali. Wazo la kusogeza lile tope likikujia saa saba za usiku, hujatenda dhambi bado. Kuna vijana wanateseka sana hapa, wanadhani wazo likiwajia tu tayari wamepotea, basi wanajiambia "ya nini kujizuia tena." Huo nao ni mtego. Bwana wetu mwenyewe alijaribiwa na hakuwa na dhambi (Waebrania 4:15).

Namba hiyohiyo inasema jambo lingine, kwamba ukikipambanua kishawishi unauona uongo wake: kwa nje kitu ni kizuri, kinatamanika, lakini tunda lake ni mauti. Mtume Yakobo (1:14-15) analieleza kama uzazi. Tamaa inachukua mimba, inazaa dhambi, dhambi ikikomaa inazaa mauti. Tukisoma hivi huwa tunafikiria mauti ya roho tu. Lakini kwenye chakula inaweza kuwa mauti ya kawaida kabisa, ya kuchimbiwa kaburi. Mwaka 2016 huko Dodoma na Manyara watu waliugua na wengine wakafa kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi. Sisemi kwamba kuna aliyewauzia kwa hila, la. Nataja tu ili yule anayesema "ukungu kidogo hauui mtu" ajue anazungumzia nini.

Sasa nataka nikupeleke Goma, mashariki ya Kongo. Ni mji ulio kando ya Ziwa Kivu, mpakani kabisa na Rwanda, na watu wake wanaongea Kiswahili kama mimi na wewe, ingawa cha kwao kina ladha yake. Huko alizaliwa kijana mmoja tarehe 13 Juni 1981, jina lake Floribert Bwana Chui. Ndiyo, Bwana Chui. Huhitaji mkalimani.

Floribert alisoma sheria chuo kikuu hapo Goma. Alikuwa mwanachama wa Jumuiya ya Sant'Egidio, ambao ni walei Wakatoliki wanaosali pamoja na kuwa marafiki wa maskini. Kazi yake kubwa pale ilikuwa kwa watoto wa mitaani. Jumuiya ilikuwa na shule kwa ajili yao, wanaiita Shule ya Amani, na Floribert alikuwa mmoja wa vijana waliokwenda kukaa na wale watoto, kuwafundisha, kula nao.

Akapata ajira serikalini, kwenye ofisi ya kukagua ubora wa bidhaa zinazoingia nchini. Kwa kijana wa Goma hiyo ni bahati kubwa, tuseme ukweli. Kazi yake ilikuwa kwenye kitengo cha bidhaa zilizoharibika. Na kitu kilicholetwa mbele yake mwaka 2007 kilikuwa nini? Mchele. Shehena ya mchele uliooza, umevuka mpaka, unatakiwa kuingia sokoni.

Yeye alitakiwa tu kufumba macho. Saini moja. Wakamtolea pesa, akakataa. Shinikizo likatoka hata kwa watu wenye mamlaka, akakataa. Inasimuliwa kwamba siku hizo alizungumza na mtawa rafiki yake, akamwambia jinsi wanavyomshawishi. Alisema kwamba pesa zile zingeisha upesi, lakini wale ambao wangekula chakula kile wangekuwaje? Akajiuliza kama anaishi kwa ajili ya Kristo au haishi kwa ajili yake. Mchele haukupita.

Tarehe 7 Julai 2007 alitekwa nyara. Baada ya siku mbili mwili wake ulipatikana, una alama za mateso. Alikuwa na miaka 26.

Tulia kidogo hapo. Tumezoea mashahidi wa Uganda, Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzake, waliochomwa Namugongo mwaka 1886. Wao walikuwa mbele ya mfalme, imani ilitajwa waziwazi, unaona kabisa huyu anakufa kwa ajili ya Kristo. Floribert hakuna aliyemwambia amkane Kristo. Hakuna aliyemwambia aache Misa. Aliambiwa apitishe magunia. Angeweza kusaini asubuhi na jioni akaenda kusali, na hakuna mtu kanisani angejua. Lakini Kanisa lilipochunguza maisha yake likasema: huyu ni shahidi wa imani. Papa Fransisko alimtaja mbele ya vijana kule Kinshasa, Februari 2023, na mwaka uliofuata, mwezi Novemba, akakubali rasmi ushahidi wake. Tarehe 15 Juni 2025 Floribert akatangazwa Mwenye Heri huko Roma, katika Basilika la Mtakatifu Paulo nje ya Kuta.

Kwa hiyo kijana unayeshika mizani, au unayesimamia stoo, usifikiri imani yako inaanzia mlangoni pa kanisa. Kanisa limemweka altareni mtu aliyekufa kwa sababu ya mchele.

Lakini sikuleta habari yake tu ili tushangae. Swali langu ni hili: aliwezaje? Maana wewe na mimi tunajua ofisi zilivyo. Tunajua ukikataa unaitwa mjuaji, unaitwa mlokole, unahamishwa, unaachishwa kazi. Huyu alikuwa mgeni kazini, miezi michache tu. Alipata wapi hiyo nguvu?

Watu watakwambia alikuwa jasiri. Mimi naona jibu liko nyuma zaidi, miaka kabla ya ule mchele kufika mpakani. Liko kwa wale watoto wa mitaani. Kijana aliyekula sahani moja na mtoto anayelala nje anajua mchele wa bei ya chini unakwenda kwa nani. Ule mchele uliooza ungeliwa na nani Goma? Si na wakubwa. Ungeliwa na wale wasio na uwezo wa kuchagua, na yeye aliwajua kwa majina. Pale mezani wengine waliona shehena, yeye aliona Juma na Baraka, au vyovyote walivyoitwa. Kishawishi kilipokuja kumuuliza "nani atajua?", kilikuta anayeumia ana sura tayari.

Hapa ndipo nadhani mafundisho yetu mengi kuhusu kishawishi yanapungua. Tunafundishana namna ya kupambana siku ya vita: kemea, kimbia, sali. Ni kweli, kuna vishawishi vya kukimbia tu. Yusufu nyumbani kwa Potifa alikataa kwa maneno siku baada ya siku, ila siku aliyoshikwa nguo hakubaki kujadiliana, aliiacha nguo akatoka mbio (Mwanzo 39). Kwenye mambo ya mwili na kwenye simu yako usiku, fuata mfano wa Yusufu, usijifanye hodari. Lakini mwenye mizani hawezi kukimbia mizani. Kesho saa moja asubuhi yuko palepale. Yeye anahitaji moyo uliotengenezwa mapema, na moyo hautengenezwi siku bosi anapotoa amri.

Bwana Yesu jangwani (Mathayo 4:1-11) alijaribiwa kwanza kwa mkate. Amefunga siku arobaini, ana njaa, na njaa si dhambi. Shetani hakuanza na jambo baya, alianza na hitaji halali. Ndivyo anavyofanya na sisi: ada ni halali, dawa ya mama ni halali, kodi ya chumba ni halali. Anachukua hitaji la kweli analifanya ngazi. Na Yesu alijibu kwa maneno ya Kumbukumbu la Torati 8:3, ambayo hakuyatunga palepale kwa hofu. Yalikuwa ndani yake tangu zamani. Kisichokuwa ndani kabla ya jangwa hakitapatikana jangwani. Luka (4:13) anaongeza kwamba Shetani aliondoka kwa muda, akingoja nafasi nyingine, kwa hiyo ukishinda leo usifunge duka.

Kuna jambo lingine kwenye habari ya Floribert ambalo ni rahisi kulipita. Alimwambia mtu. Alikwenda kuongea na yule mtawa. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, katika kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho, anafundisha kwamba adui anafanya kama mtongozaji anayemtaka binti wa watu kwa siri: hofu yake kubwa ni binti kumwambia baba yake. Siri ikitoka, mpango umevunjika. Ndugu yangu, kishawishi unachokaa nacho peke yako kinakua. Ukikitamka mbele ya padre kwenye kitubio, au mbele ya rafiki mmoja mwenye imani, kinapungua kimo hapohapo. Nimeona kijana mmoja wa rika langu, kibarua wa mashine, alipoambiwa achanganye mchele mbovu alikwenda kwanza kwa mzee mmoja wa jumuiya yao ndogondogo akamweleza. Mzee hakuwa na pesa ya kumpa wala kazi nyingine. Alimwambia tu, "Kesho asubuhi nakuja kukaa nawe pale mashineni, nitakuwa na mpunga wangu wa kukoboa." Akaja kweli, akakaa kwenye gunia lake mpaka mchana. Siku hiyo mchele mbovu haukuchanganywa.

Mwezi uliofuata yule kijana hakuitwa kazini tena. Naisema na hiyo kwa sababu sipendi mafundisho yanayoishia pazuri kwa lazima. Mtume Paulo (1 Wakorinto 10:13) anasema Mungu ni mwaminifu, hatuachi tujaribiwe kupita nguvu zetu, na pamoja na jaribu anaweka mlango wa kutokea. Wengi tunausoma mlango ule kana kwamba ni mlango wa kubaki na kazi na dhamiri pia. Wakati mwingine ndivyo, namshukuru Mungu. Wakati mwingine mlango ni kutoka pale mashineni mikono mitupu. Kwa Floribert ulikuwa ni ule uliofunguka kwa Baba. Anayekuahidi kwamba ukishinda kishawishi lazima utabarikiwa mara mbili mwezi huohuo, muulize amesoma wapi. Mimi katika Yoshua bin Sira 2:1 nasoma kwamba anayekuja kumtumikia Bwana ajiandae kwa majaribu.

Ndiyo maana sikubali tumwachie kijana mmoja mzigo huu. Kama jumuiya inampigia makofi aliyekataa rushwa halafu haimuulizi wiki ijayo anakula nini, hiyo jumuiya nayo inamshawishi, kimyakimya, arudi kukubali. Kwenye sala zetu za Baba Yetu tunaomba kwa wingi: tusitiwe sisi, tuopolewe sisi. Hakuna anayeomba pale kwa ajili yake peke yake.

Kwa ninyi wenye TYCS shuleni, na VIWAWA, na jumuiya, pendekezo langu la wiki hii ni dogo. Someni pamoja Amosi 8:4-6 na Mathayo 4:1-4. Msianze kutafsiri, kaeni kimya kwanza dakika tano. Halafu kila mmoja ataje kazi ya mikono yake, iwe kupima, kusahihisha, kubeba, kuuza vocha, kuendesha pikipiki, na aseme kazi hiyo inaishia kwa nani: nani anakula, nani anapanda, nani anaamini kile kipimo. Tajeni watu, si "jamii". Mwanafunzi naye ajiulize, mtihani nitakaoibia leo utanifanya muuguzi wa mgonjwa gani kesho?

Kisha Jumapili hii, baada ya Misa, nendeni mkamtembelee mtu mmoja mnunuzi wa mchele wa bei ya chini kabisa. Msiende na kamera. Bebeni mchele mzuri, pikeni kwake, mle naye. Na kama kati yenu yupo aliyekosa kibarua kwa kukataa kuchanganya au kuiba kipimo, kaeni chini kabla ya mavuno hayajaisha mpange nani ana majaruba ya kupaliliwa, nani anamjua mwenye mashine anayepima haki, na nani atamkopesha debe mbili mpaka apate.